Nani Aliyekuchagulia Shule?

Msomaji, kabla hujaendelea na habari hizi, jiulize swali moja: ni nani aliyekuchagulia shule unayosoma sasa? Labda utajibu kuwa ni baba yako, kwa kuwa naye alisoma hapo zamani. Labda ni mama, aliyeuliza kwanza habari za ibada na adabu, kisha ndipo akauliza habari za karo. Labda ni alama zako za mtihani tu, zilizoingizwa katika kompyuta ya Wizara, nayo ikakutupa mahali ambapo hujapata kupasikia. Au labda ni wewe mwenyewe, uliyesikia kuwa shule fulani ina maabara nzuri au timu ya kandanda isiyoshindika, ukang'ang'ania jina hilo hilo mpaka wazee wakachoka na kukubali.

Huku chuoni kwetu, tunakowafundisha vijana kazi ya ualimu, kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu swali hilo, na majibu yao hunifikirisha. Wengi huandika jina la mjomba, au la kaka mkubwa, au la mwalimu mkuu. Wachache sana huandika neno "mimi".

Kuchagua shule ni kazi ya mizani yenye sahani mbili. Katika sahani moja mzazi huweka yale ambayo nyumba yake huyaheshimu: dini, mila, lugha, heshima kwa wakubwa. Katika sahani ya pili huwekwa yale ambayo mtoto anayapenda na anayaweza. Ni mara chache sahani hizo hulingana. Ukiitazama kwa makini historia ya shule za sekondari katika nchi yetu ya Kenya, utaona kuwa ni historia ya watu waliolazimika kupunguza huku ili waongeze kule. Tena utaona jambo la pili, ambalo limenikera tangu nilipoanza kulisoma: katika mabishano hayo yote, mtoto mwenyewe aliulizwa kwa nadra sana.

Tuanzie Maseno, mahali ambapo mstari wa Ikweta unapita. Mwaka 1906 wamisheni wa Church Missionary Society, wakiongozwa na J. J. Willis, walifungua hapo shule ya wavulana, na miongoni mwa wanafunzi wa kwanza walikuwamo wana wa machifu. Asubuhi kulikuwa na masomo na sala, na saa nyingi za siku zilikuwa za kazi za mikono. Mwaka 1908 wavulana wale waligoma. Walikataa kazi za mikono wakadai wafundishwe zaidi kusoma na kuandika.

Usifikiri kuwa walikuwa wavivu. Walikuwa wametoka katika nyumba za wakulima na wafugaji. Jembe hawakulifuata shuleni, walikuwa nalo kwao. Ikiwa shule itanifundisha kile ninachokijua, kwa nini niiache nyumba ya baba yangu? Naona swali hilo lilikuwa la haki, na huenda ndiyo mara ya kwanza katika habari zetu ambapo wanafunzi wenyewe, wala si baba zao, walitamka wazi shule wanayoitaka.

Serikali ya kikoloni haikulisikia neno hilo kama lilivyosemwa. Mwaka 1909 J. Nelson Fraser alishauri kuwa Waafrika wafunzwe hasa kazi za ufundi. Mwaka 1924 ikaja tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ambayo miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo mwalimu mashuhuri James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, nchi iitwayo Ghana leo. Tume hiyo nayo ilisisitiza elimu inayolingana na maisha ya kijijini: ukulima, afya, ufundi na malezi mema. Mambo hayo si mabaya kwa yenyewe. Mtu anayejua kutengeneza meza imara hana sababu ya kumwonea haya mtu anayejua kutunga insha. Ubaya ulikuwa kwamba Mwafrika alichaguliwa ufundi kwa ajili ya rangi yake, si kwa ajili ya kipawa chake. Mwenye kipawa cha hesabu na mwenye kipawa cha useremala walipewa msumeno mmoja.

Wazazi walizidi kudai, na mwishowe shule kubwa mbili zikazaliwa karibu wakati mmoja. Mwaka 1925 Padre Michael Witte, Mholanzi wa shirika la Roho Mtakatifu, alianzisha shule ya Wakatoliki huko Kabaa, katika nchi ya Ukambani. Mwaka 1940 shule hiyo ilikuwa imekwisha hamia Mang'u, nayo ndiyo ijulikanayo kwa jina hilo hadi leo. Mwezi Machi mwaka 1926, makanisa ya Kiprotestanti yaliyokuwa yameungana yalifungua Alliance High School mahali paitwapo Kikuyu, karibu na misheni ya Church of Scotland ya Thogoto. Walianza na wavulana wasiofika 30.

Kwa hiyo mzazi Mwafrika wa miaka ile hakuchagua shule. Alikuwa amekwisha kuichagua siku alipobatizwa. Mtoto wa Mkatoliki alitazama Kabaa, mtoto wa Mprotestanti alitazama Alliance au Maseno, na mtoto wa mzee aliyeabudu kama mababu zake hakuwa na pa kutazama, isipokuwa akubali kwanza jina jipya na sala mpya. Wengi walikubali. Wengine walikubali kwa moyo wote, wengine kwa nusu ya moyo, na mimi simlaumu hata mmoja wao. Njia ilikuwa moja.

Shule hizo zilikuwa na ukali wake. Alliance iliongozwa tangu mwaka 1940 hadi 1962 na Carey Francis, mtaalamu wa hisabati aliyeacha kazi yake katika Chuo Kikuu cha Cambridge akaja Maseno mwaka 1928. Alikuwa mtu wa sala, wa saa, wa usafi na wa kazi, naye aliwataka wavulana wake wawe hivyo hivyo. Alipostaafu hakurudi kwao kupumzika. Alikwenda kufundisha katika shule ya Pumwani, Nairobi, mpaka alipofariki mwaka 1966. Waliosoma kwake wamegawanyika: wengine humtaja kama baba, wengine husema aliwafunza kujiona wadogo mbele ya mambo ya Kizungu. Nadhani yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja.

Mang'u nayo ilitoa watu wake. Mwai Kibaki alisoma hapo, akaenda Makerere na kisha London, na mwaka 2002 akachaguliwa kuwa Rais wa tatu wa Kenya. Tom Mboya pia alisoma hapo, lakini hakuweza kuendelea, kwa sababu baba yake, aliyekuwa mfanyakazi katika shamba la mkonge, hakuwa na fedha za karo. Mwaka 1948 akaenda kusomea ukaguzi wa afya Nairobi. Hapa natambua kuwa nilisema mizani ina sahani mbili, na sikutaja mfuko. Mfuko hauketi katika sahani yoyote. Mfuko ndio mkono unaoishika mizani yenyewe.

Sasa nakuomba ukae nami kitambo Thogoto na vilima vilivyopazunguka, maana hapo ndipo jambo letu lilipopata moto.

Wamisheni wa Church of Scotland, wakiongozwa na Daktari John Arthur, walikuwa wameipinga kwa miaka mingi desturi ya Wakikuyu ya kuwatahiri wasichana. Mwaka 1929 walikaza kamba. Walimu na waumini walitakiwa kuikana desturi hiyo kwa kutia sahihi au alama ya kidole gumba, na kwa kuwa chama cha Kikuyu Central Association kilikuwa kikiitetea, walitakiwa kukikana chama hicho pia. Alama ile ya kidole iliitwa kirore. Mwalimu aliyekataa alipoteza kazi. Wazazi wengi waliwaondoa watoto wao, madarasa yakabaki na madawati matupu, na ngoma iliyoitwa Muthirigu, ya kuwakejeli wamisheni na wafuasi wao, ikaenea vijijini mpaka Serikali ikaipiga marufuku mwaka 1930.

Wazazi wale hawakuwaondoa watoto kwa kuichukia elimu. Wangaliichukia elimu wangalirudi mashambani mwao wakatulia. Badala yake walikata miti, wakachanga fedha, wakajenga shule zao wenyewe. Vyama viwili vikasimama kuziongoza: Kikuyu Independent Schools Association, kilichokubali mtaala na ukaguzi wa Serikali, na Kikuyu Karing'a Education Association, kilichokuwa na shaka zaidi. Neno karing'a maana yake ni safi, kisichochanganywa. Shule hizo ziliongezeka hata zikapita 100. Nazo zilitaka kwa pamoja vitu viwili ambavyo misheni iliviona kama maji na moto: mila ya nyumbani, na Kiingereza. Ndiyo, Kiingereza. Wazazi hao hao walioshikilia desturi za mababu walilalamika kuwa shule za misheni zinachelewa mno kuwafundisha watoto lugha ya wakubwa wa nchi. Walitaka mtoto ajue ya kwao asimame nayo, na ajue ya wageni ashindane nao.

Hapa yanipasa niseme wazi ninavyofikiri, wala usilazimike kukubaliana nami. Katika haki ya kuchagua, wazee wale walikuwa na hoja yenye nguvu. Mlango wa darasa haukustahili kufungwa kwa kufuli ya kiapo, na mtoto aliyependa hesabu hakustahili kuadhibiwa kwa alama ya kidole ambayo baba yake hakuitia. Lakini jambo walilolitetea kwa haki hiyo lilikuwa likiumiza miili ya binti zao. Madhara yake leo yanajulikana na kila daktari, kutokwa na damu, maumivu ya siku nyingi, hatari wakati wa kujifungua, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeikataza desturi hiyo kabisa. Wako wasichana wa wakati ule waliokimbilia misheni ili wasitahiriwe, na wako waliotoroka misheni ili watahiriwe kama wenzao. Wamisheni walisema kwa niaba ya wasichana, na wazee wakasema kwa niaba ya wasichana. Soma vitabu vya habari hizo uone ni mara ngapi utakutana na sauti ya msichana mwenyewe.

Shule zile za kujitegemea zilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: zilikuwa za msingi. Mtoto akizimaliza, milango iliyokuwa mbele yake ni ile ile, ya Alliance kwa Waprotestanti na ya Kabaa kwa Wakatoliki. Ndiyo sababu chuo cha Githunguri kilikuwa na maana kubwa mno. Peter Mbiyu Koinange, mwana wa Chifu Koinange, alirudi kutoka masomoni Marekani na Uingereza mwaka 1938, na mwaka uliofuata chuo kikafunguliwa ili kuwapatia walimu shule za kujitegemea. Baadaye kilikuwa na madarasa ya ngazi nyingi, hata ya sekondari. Watu waliochanga ni watu wa kawaida, wakichangia kwa marika yao kama walivyozoea, rika likishindana na rika. Wanawake nao walichanga fedha zao ili lijengwe bweni la wasichana. Lifikirie bweni hilo pamoja na yale niliyoeleza hapo juu. Watu ambao misheni iliwahukumu kuwa maadui wa wasichana walikuwa wakijinyima chumvi na sukari ili wasichana wapate pa kulala na kusoma. Mambo ya watu hayanyooki kama rula. Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946, aliingia Githunguri na baadaye akawa mkuu wake.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Serikali ilitangaza hali ya hatari. Githunguri ikafungwa, na shule za kujitegemea zikafungwa pamoja nayo au kutiwa chini ya usimamizi mwingine. Majengo ya chuo, ambayo watu waliyajenga kwa senti zao, yakageuzwa gereza na mahali pa kunyongea.

Miongoni mwa watoto waliokuwa katika shule hizo siku zile alikuwamo kijana wa Limuru, aliyeitwa wakati huo James Ngugi. Alikuwa ameanza katika shule ya misheni ya Kamandura, akahamia Manguo, shule ya Karing'a. Manguo ilipobadilishwa uongozi wakati wa hali ya hatari, masomo yake yaliendelea, na mwaka 1955 alipata nafasi Alliance, kwa Carey Francis. Fikiri ndani ya moyo wa mtoto huyo. Kaka yake alikuwa msituni na wapiganaji. Aliporudi nyumbani baada ya muhula wake wa kwanza, alikuta kijiji chao hakipo tena. Watu walikuwa wamehamishwa kwa amri ya Serikali. Na bado shule ile ilimpa vitabu, naye alivipenda vitabu kuliko kitu chochote. Shule iliyolingana na kipawa chake ilikuwa upande mmoja, na watu wa nyumbani kwake walikuwa upande wa pili. Dunia imemjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, naye alifariki mwaka 2025. Riwaya yake iliyotolewa mwaka 1965, The River Between, inasimulia vilima viwili na mto katikati, na kijana mwalimu anayetaka kuviunganisha kwa shule. Sasa wajua mambo hayo yalitoka wapi.

Wasichana Waafrika walingoja zaidi. Shule yao ya sekondari pale Kikuyu, ambayo leo ni Alliance Girls, ilifunguliwa mwaka 1948, yaani miaka 22 baada ya ile ya wavulana. Sina la kuongeza juu ya tarakimu hiyo.

Tuteremke sasa pwani, kwa maana huko swali lilikuwa lile lile lakini limevaa kanzu. Waislamu wa Mombasa, Malindi na Lamu walikuwa na vyuo vya Kurani kwa karne nyingi kabla ya misheni ya kwanza. Hawakuwa watu wasiojua kusoma. Walikuwa watu waliosoma kwa herufi nyingine. Walipoona kuwa shule za wageni zimeshikamana na kanisa, waliogopa kupoteza imani ya watoto wao, wakawazuia. Mwaka 1912 Serikali ilifungua shule ya Waarabu mjini Mombasa, isiyokuwa ya misheni, lakini hata hiyo wazee wengi waliitilia shaka mpaka walipohakikishiwa kuwa dini haitaachwa nyuma.

Aliyeupiga vita woga huo alikuwa mtu wa dini mwenyewe, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo la Kiswahili lililoitwa Sahifa, na mwaka 1932 likafuata Al-Islah. Humo aliwaambia Waislamu wenzake, bila ya kuwapaka mafuta, kuwa wakiendelea kuikimbia elimu mpya watakuja kuwa wageni katika nchi yao. Na akasema elimu hiyo iwafikie wasichana pia. Hakutaka watu waiache dini. Alitaka mtoto aende na vyote viwili, na yeye mwenyewe alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947.

Hata mtu mwenye busara kiasi hicho alikuwa na sahani yake katika mizani. Mwanawe Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, alitaka ampeleke Cairo, katika chuo cha Al-Azhar, akawe mwanachuoni wa sheria ya Kiislamu kama yeye. Mauti yalikuja kwanza. Ali akabaki katika shule ya Serikali mjini Mombasa, na alipofanya mtihani wa Cambridge alipata daraja la chini, hata Makerere hawakumchukua. Akapata kazi katika taasisi mpya ya ufundi ya Waislamu, iliyojulikana kwa kifupi MIOME, iliyojengwa kwa misaada ya Aga Khan, Sultani wa Unguja na wengine. Leo hapo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Siku moja alitoa hotuba katika sherehe ya Maulidi, na Gavana Philip Mitchell alikuwapo akasikiliza. Gavana akaona kuwa kijana huyu hafai kuishia hapo, akasaidia apate nafasi ya masomo Uingereza. Ali alianza tena kwenye masomo ya sekondari, huko Huddersfield, akapanda hadi Manchester, Columbia na Oxford, akawa profesa aliyesikilizwa duniani kote.

Napenda kuwasimulia wanafunzi wangu kisa hicho kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtihani mmoja haukumpima. Ya pili ni kwamba matakwa ya baba hayakupotea kabisa. Mwaka 1986 Profesa Ali Mazrui alitoa vipindi vya televisheni vilivyoeleza kuwa Afrika ina urithi wa aina tatu: wa asili yake, wa Uislamu na wa Magharibi. Mtoto wa Kadhi aliyesomeshwa na Waingereza katika mji wa Waswahili angalisema nini kingine? Alifariki mwaka 2014, akazikwa Mombasa, katika makaburi ya ukoo wake karibu na Ngome ya Yesu.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1963 Kenya nzima ilikuwa na shule za sekondari 151 na wanafunzi 30,121. Tena shule hizo zilikuwa zimegawanywa kwa rangi: Prince of Wales School, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu, nayo ndiyo Nairobi School ya leo, Wahindi walikuwa na zao, Waarabu zao, Waafrika zao. Tume ya Profesa Simeon Ominde ya mwaka 1964 ilitaka kuta hizo zibomolewe na shule zijenge taifa moja. Wananchi hawakungoja, walijenga shule za Harambee kwa mamia, kwa fedha, kwa mawe, kwa mbuzi waliopigwa mnada. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ikayaondolea makanisa uendeshaji wa shule, ingawa yalibaki kuwa wafadhili wenye sauti. Ndiyo sababu shule ya Serikali bado inaweza kuitwa kwa jina la mtakatifu na kuwa na padre katika halmashauri yake.

Kisha ikaja mitihani mikubwa. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 hadi mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023, mtoto wa darasa la nane aliandika majina ya shule katika fomu kabla hajajua alama zake, na alama ndizo zilizoamua. Wazazi wakajifunza kutazama jambo moja tu: shule hiyo ilikuwa ya ngapi mwaka jana? Maswali ya zamani yakasahauliwa, lakini hayakufa. Yalifika hata mahakamani. Shule moja ya Isiolo, yenye mfadhili wa Kikristo, ilipozuia wasichana Waislamu kuvaa hijabu, Mahakama ya Rufani mwaka 2016 iliwaunga mkono wasichana. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu ya namna madai yalivyofikishwa mbele ya mahakama. Wazee wa mwaka 1929 na wazee wa Mombasa wa mwaka 1912 wangaliielewa kesi ile bila ya kufasiriwa.

Januari mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza waliingia Gredi ya 10, katika sekondari pevu. Hao waliulizwa jambo ambalo baba zao hawakuulizwa: kabla ya kutaja shule, wataje mkondo. Mikondo ni mitatu, wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, wa Sayansi za Jamii, na wa Sanaa na Michezo. Mkondo wa sayansi unapatikana katika kila shule ya sekondari pevu, lakini ule wa Sanaa na Michezo haupatikani kila mahali. Kwa hiyo msichana wa Garissa au wa Homa Bay mwenye kipawa cha kuchora huenda akahitaji kwenda mbali na nyumbani ili apate mwalimu wa kuchora, na baba yake huenda akasema: mbali hivyo, kwa watu tusiowajua, na sala zake je?

Ukiwa na mdogo wako anayekaribia kuijaza fomu hiyo, msaidie kwa maswali haya kabla ya kutazama matokeo ya mitihani. Aulize shule inafundisha masomo gani hasa, kwa maana jina la mkondo si orodha ya masomo. Aulize mfadhili wake ni nani, na mtoto wa dini nyingine hufanya nini asubuhi wenzake wanapokwenda kanisani au msikitini. Aulize kama ni ya kulala au ya kutwa, na nauli na karo ni kiasi gani kwa mwaka mzima, si kwa muhula mmoja. Akiweza kufika, afike siku ya kawaida, wala si siku ya sherehe, akaangalie kama milango ya maktaba iko wazi na kama vumbi limekaa juu ya vyombo vya maabara. Kisha azungumze na wanafunzi walio nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, wawili au watatu, mwalimu akiwa hayupo karibu.